Kivuli, uvuli au shedi? Swali la mchora skini za Minecraft

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na mdogo wangu tunachora skini za Minecraft, yaani sura na mavazi ya mhusika wa ule mchezo wa kompyuta, sasa nataka niwaelekeze wenzangu kwa Kiswahili. Nikisema 'tia kivuli shavuni' kuna jamaa ananirekebisha, eti kivuli ni cha mtu akiwa juani, niseme uvuli, mwingine anasema acha iitwe shedi tu. Kipi sahihi? Na ni kijani kilichokolea au iliyokolea?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelipenda hili swali kwa sababu limetoka kwa mtu anayefanya kazi kwa mikono yake na anataka maneno ya kuifanyia.

Kivuli na uvuli mzizi wake mmoja, -vuli, uleule uliopo kwenye mwavuli. Mtaani tunatumia kivuli kwa yote, unasema kivuli changu na unasema pia tukae kivulini hapo chini ya mwembe, kwa hiyo hujakosea na jamaa yako asikubabaishe. Ila kwa mchoraji mimi nashauri uyatenganishe, maana lugha yenyewe imeshakupa njia. Ki- inakupa kitu chenye umbo na mwenyewe, kivuli cha mti, kivuli cha kofia, na unaweza kuvihesabu, vivuli viwili. U- inakupa hali, kama upana au ukavu, yaani ule upande ambao mwanga haujaufikia.

Hebu chukua uso wa skini. Skini nzima ni picha ya pikseli, vile vijiraba vidogo vya rangi, 64 kwa 64 lakini uso umepewa 8 kwa 8 tu, pikseli 64 basi, macho humo, mdomo humo. Umemvalisha kofia kwenye leya ya juu, yaani tabaka linalovalishwa juu ya uso, mwanga unatoka juu kushoto. Ule mstari wa pikseli za paji la uso chini ya ukingo wa kofia ukiutia giza, hicho ni kivuli, kina mwenyewe, kofia. Shavu la kulia likififia kwa kuwa limeupa mwanga kisogo, huo ni uvuli wa shavu lenyewe. Ukimwambia mwanafunzi "kivuli cha kofia, halafu uvuli wa shavu" ameshajua giza linatoka wapi, na hilo ndo wengi wanakosea, wanatia giza pembeni kote na kuacha katikati peupe mpaka uso unavimba kama mto wa kulalia, kwa sababu hawajajiuliza mwanga uko wapi.

Shedi sina ugomvi nayo, kutia shedi inaeleweka, ila inabeba vyote viwili kwa mpigo. Skini yenyewe usiitafsiri ngozi, kwa sababu skini ni nguo, nywele, viatu, kila kitu, na ngozi utaihitaji kwenye sentensi hiyohiyo: "kwenye skini hii ngozi yake ni maji ya kunde."

Na hapo kwenye maji ya kunde tutulie kidogo. Watu wakitaka uvuli wa ngozi hiyo wanaongeza nyeusi, inatoka ngozi iliyopauka kama ya mtu hajapaka mafuta. Sogeza rangi yako kuelekea damu ya mzee au hata zambarau kidogo, na upande wa mwanga isogeze kuelekea manjano, ngozi inakuwa hai. Sasa angalia maneno tuliyonayo: kukolea ni rangi kushika sawasawa, kama chumvi kwenye mchuzi, na ukiifanya wewe unakoleza. Kufifia ni kupungua nguvu, mwanga unafifia. Kupauka ni kukosa uhai. Kuchujuka ni kwa rangi iliyotoka, kama kanga iliyofuliwa sana, hiyo itumie ukimchora mhusika mwenye shati kuukuu. Mwambie mwanafunzi "shati lako limepauka, nilitaka lichujuke" na atajua la kufanya.

Kuhusu kijani: kilichokolea ni sahihi, kijani peke yake ni jina la ki-, ndo maana tuna kijani kibichi. Ukitanguliza neno rangi, upatanisho unafuata hilo rangi: rangi ya kijani iliyokolea. Ile "kijani iliyokolea" ni watu wanaruka neno rangi wakiliwaza kichwani, kwenye meseji sawa, kwenye maelezo unayowaandikia wenzako liandike neno rangi lenyewe.