Maswali ya Wasomaji: Ekzosi Iliyochomelewa na Bado Inapiga Kelele

SWALI: Shikamoo fundi. Ninatumia Toyota Corolla ya mwaka 1998 ya petroli, ambayo kila siku hunitoa Sengerema na kunifikisha Mwanza mjini kwa kupitia Daraja la Kigongo–Busisi. Mwanzoni lilikuwa likinguruma kama pikipiki kila nilipokanyaga mafuta kupanda mlima. Fundi mmoja akakichomelea kiungo cha bomba kilicho chini ya injini, kile chenye boliti mbili za springi, na gari likatulia. Baada ya muda mfupi umezuka mlio mwingine: nikiwasha alfajiri injini inalia ta-ta-ta, na ikishapata moto mlio hufifia. Fundi yule yule sasa ananishauri ninunue ekzosi nzima. Mke wangu naye analalamika kuumwa kichwa tunaposafiri pamoja. Nifanye nini?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Marahaba. Naomba nianze na maumivu ya kichwa ya mkeo, ingawa umeyataja mwishoni, kwa kuwa ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko kelele yenyewe. Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo mtu akiivuta hujishika kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni ya kutosha. Dalili zake za awali ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo mtu huyadhania kuwa ni uchovu wa safari au malaria inayoanza. Ningependa gari hilo lisifanye tena safari hadi litengenezwe. Na kama hapana budi kulipeleka gereji, nenda peke yako, vioo vyote vikiwa wazi. Mkeo naye aende zahanati, na amweleze mganga kwamba amekuwa akipanda gari linalovujisha moshi, kwa maana bila kuambiwa hivyo mganga hana sababu ya kuifikiria gesi hiyo.

Sasa tuje kwenye mlio. Ta-ta-ta inayosikika injini ikiwa baridi na kufifia ikipata joto kwa kawaida hutokea karibu kabisa na silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ama kwenye gasketi (kizibo bapa cha maungio) ya manifoldi ya ekzosi, lile bomba lenye matawi linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, ama kwenye ufa wa manifoldi yenyewe. Chuma kikipata moto hutanuka, mwanya unajibana, na sauti inapungua. Mwanya haujapona, kesho yake asubuhi utausikia tena, na kila siku utaongezeka kidogo.

Nina hakika kubwa kwamba mlio huu wa pili umeletwa na dawa ya ule wa kwanza. Zile boliti mbili zenye springi zina kazi yake. Injini ya gari lako imelazwa kukingama na imeshikwa na mipira, kwa hiyo kila unapokanyaga au kuachia mafuta huinama na kuinuka, wakati bomba linaloelekea nyuma limening'inizwa kwenye bodi. Kiungo kile, pamoja na gasketi yake ya duara, hucheza kama nyonga ili mwendo wa injini usilivunje bomba. Kikichomelewa kikawa kitu kimoja, mtikisiko wote huhamia juu kwenye manifoldi, ambayo ni chuma cha kuyeyushwa, kigumu lakini kisichopenda kupindwa. Matokeo yake ni stadi, yaani boliti zisizo na kichwa zinazoshika manifoldi, kukatika, gasketi kupasuka au manifoldi kupata ufa. Nimeyaona haya katika magari mengi ya huku Kanda ya Ziwa, na inanisikitisha, kwa sababu gasketi ya duara na springi mbili ni spea za bei ndogo mno ukilinganisha na manifoldi.

Hata hivyo usikubali neno langu wala la fundi wako kabla mwanya haujaonekana kwa macho. Ukague alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, mahali pa wazi na si ndani ya banda. Vuta breki ya mkono na weka mawe kwenye matairi. Kabla ya kuwasha, mulika tochi pale manifoldi inapokutana na silinda hedi na ufuate bomba hadi chini. Moshi unaopenya huacha alama: utepe wa masizi meusi, au wa kijivu kikavu pale penye joto kali, unaoanza kwenye mwanya na kutawanyika kama unyoya. Kisha washa, na mwenzako aliyevaa glavu nene azibe kwa kitambaa kilicholowa maji mdomo wa bomba la nyuma kwa sekunde chache tu. Moshi ukikosa njia ya kawaida utalazimika kutokea kwenye mwanya, na utasikia mlio wake waziwazi. Chukua kipande cha mpira wa maji, upande mmoja uweke sikioni na mwingine uupitishe polepole kandokando ya gasketi bila kugusa chuma, huku ukijihadhari na feni na mikanda. Sauti itakuzibua sikio utakapofika penyewe. Nozeli zinazopuliza petroli na tapeti zinazosukuma valvu nazo hulia zikafanana na hivi, lakini kuziba bomba la nyuma hakuzibadilishi, na mdomo wa mpira hautapigwa na upepo.

Ukishaupata mwanya, kwanza kikatwe kile kiungo kilichochomelewa na kirudishwe kama kilivyokuwa, kwa gasketi mpya ya duara, boliti mpya na springi zenye nguvu. Bila hilo, kila kitakachofanywa juu kitavunjika tena. Halafu manifoldi ifunguliwe injini ikiwa imepoa. Nati zilizoshikwa na kutu zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, kwa kuwa kulazimisha spana ndiko kunakokata stadi ndani ya silinda hedi, na kazi ya saa chache ikawa ya siku. Uso wa manifoldi upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Ukiwa umepinda, upelekwe kwa mkereza vyuma ausawazishe, la sivyo gasketi mpya itaungua kama ya zamani. Wakati wa kufunga, nati zikazwe kwa awamu, kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mwambie pia fundi aitazame mipira inayoshika injini, maana ikiwa imechoka, injini hurukaruka kupita kiasi.

Manifoldi yenye ufa nisingeichomelea. Chuma cha kuyeyushwa kinahitaji kupashwa moto taratibu kabla ya kuchomelewa na kupozwa taratibu baadaye, na pasipo hivyo hupasuka kando ya chomeleo. Tafuta nyingine ya mtumba iliyo nzima.

Kuhusu ekzosi nzima, hakuna ulichoeleza kinachoonyesha kwamba sehemu ya nyuma ina kasoro. Jambo moja la ziada: mwanya ulio kati ya injini na sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni iliyomo kwenye moshi, huvuta hewa ya nje kati ya mapigo ya moshi, sensa ikaiambia kompyuta ya injini kwamba petroli haitoshi, nayo ikaongeza. Usishangae basi ulaji wa mafuta ukipungua baada ya matengenezo.

SWALI: Bomba la nyuma la gari langu limetoboka, na kila asubuhi linadondosha maji. Je, injini imeharibika? Na fundi anataka kuliunga kwa bomba la maji la nyumbani.
Mama wa Ilemela

JIBU: Maji hayo ni ya kawaida, mama. Petroli ikiungua huzaa maji, karibu lita moja kwa kila lita ya mafuta, na gari linalotumika kwa safari fupi tu, tuseme Kirumba na kurudi, halipati joto la kuyakausha. Yanabaki ndani na kulila bati kwa kutu. Cha kuchunguza ni maji ya rejeta: yakipungua kila mara, hapo kuna tatizo jingine. Bomba la maji lililopakwa zinki likatae, kwa kuwa linapochomelewa hutoa mvuke unaomletea fundi homa. Liungwe kwa bomba la chuma cheusi lenye kipenyo kile kile, tangi la mafuta likingwe dhidi ya cheche, na waya wa betri wa hasi ufunguliwe kabla ya mashine kuwashwa.