Weka chini hiyo plaizi

Msomaji mmoja wa Moshi ameniandikia: meno ya mbele ya sungura wake yamepinda hadi nje ya mdomo, na jirani amejitolea kuyakata kwa plaizi. Asithubutu! Jino la sungura likibanwa hupasuka kwa urefu, usaha ukaingia tayani, na usaha wake ni mzito kama dawa ya meno, haukamuliki. Muulize daktari wa mifugo kuhusu kuyang'oa meno ya mbele yote sita. Sungura huokota chakula kwa midomo, wewe kazi yako ni kumkatia majani.

Wangu, Pendo, ni wa masikio ya kulala na uso mfupi, aina ambayo taya mara nyingi hazikutani sawasawa. Alipoanza kuchagua vilaini na kuacha nyasi, kliniki ya kwanza ilimfunua midomo, ikaona meno ya mbele mazuri, ikasema ni mzima. Nilipong'ang'ania nikaambiwa nimchinje, sungura wako tele sokoni. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Sungura ana meno 28, yote hukua maisha yake yote, na 22 ni magego usiyoyaona. Daktari wa pili alichungulia kwa kifaa chenye taa: magego ya chini yalikuwa na ncha zinazochoma ulimi, ya juu zinachoma mashavu. Akamsaga ncha hizo chini ya nusukaputi. Hilo halikumponya, kila baada ya wiki kadhaa tunarudi. Waliokuwa wakinicheka sasa wananiomba namba ya daktari huyo.

Ndugu zangu, ukiamua kufuga, fuga kweli. Nyasi kavu zisikosekane bandani, hizo za Rhodes wanazouziwa wenye ng'ombe zinafaa. Chakula cha punje cha dukani ni kijiko tu. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, maana uzito hushuka kabla hujaona kidevu kilicholowa mate au jicho linalotoa machozi. Vinyesi vikiwa vidogo, mpeleke. Asipokula nusu siku, usingoje kesho, tumbo lake husimama. Usimnyime chakula kabla ya nusukaputi, sungura hatapiki. Na usimnyweshe amoksilini ya duka la dawa: huua bakteria wema wa tumboni, naye akafuata. Dawa ya maumivu pia aipange daktari, kwa uzito ulioupima wiki hiyo.