Siku tano Ireland: usiishie Dublin

Ndugu, umeuliza kama siku tano za Ireland uzimalizie Dublin. Hapana. Dublin ipe siku moja, ukaone Kitabu cha Kells, nakala ya kale ya Injili iliyoandikwa na kupambwa kwa mkono, pale chuo kikuu cha Trinity College, kisha toka.

Usikose Newgrange, kwenye bonde la mto Boyne, kaskazini mwa Dublin. Ni kaburi la mawe lililojengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo. Piramidi za Giza kule Misri zilikuja baadaye. Unapita kwenye ujia mwembamba, unainama, mabega yanakwaruza mawe, mpaka chumba cha ndani. Juu ya mlango kuna tundu: karibu na Desemba 21 jua likichomoza, mwanga hupenya hapo hadi chumbani. Siku nyingine mwongozaji huzima taa na kuwaigizia mwanga huo. Mimi nilisisimka mwili mzima! Kata tiketi mapema, hujaa haraka.

Halafu elekea magharibi hadi Cliffs of Moher, magenge yanayofikia mita 214 juu ya Atlantiki. Koti la mvua ni lazima, hata Julai. Ukikodi gari, wanaendesha kushoto kama kwetu. Na angalizo: viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, haikuingizi Ireland, omba ya kwao.