Jibu: Kujitolea kuhudumia tembo Thailand

Waalaykum salaam mwanangu. Umeuliza kama kambi ya Thailand inayowapandisha wageni juu ya tembo inafaa kwa kujitolea. Haifai, tafuta nyengine. Mara nyingi tembo huvunjwa moyo tangu mdogo, kwa kufungwa na kupigwa, ndipo akubali kupandwa. Tembo wengi wa huko walikuwa wakivuta magogo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 1989, wenyewe wakawahamishia kwenye utalii.

Mimi nilitoka Unguja nikakaa wiki moja karibu na Chiang Mai, mji wa kaskazini mwa Thailand, pahala ambapo tembo wanahudumiwa tu, hawachezeshwi. Kazi kubwa ni chakula, maana mmoja anaweza kula kilo 150 kwa siku. Asubuhi tunaosha matikiti, kisha tunazoa mavi kwa koleo. Kulikuwa na tembo kizee, magego yamekwisha, tukimpondea ndizi na wali tukifinyanga matonge. Kila tonge akilipokea kwa mkonga taratibu, pumzi yake ya moto ikinigusa kiganjani. Mpaka leo naihisi.

Waulize wenye kambi mapema: tembo wanapandwa? Usiku wanafungwa minyororo? Wakikwepa kujibu, pesa usitume. Na chukua mabuti ya mpira; ndara za soko la Darajani haziwezi tope lile.