Umepewa siku tatu usaini mkataba wa lebo? Soma hapa kwanza

Ndugu, umeuliza kama usaini ndani ya siku tatu ulizopewa, na kama mwanasheria wa lebo, yaani kampuni ya kurekodi muziki, anatosha kukufafanulia mkataba. Hatoshi. Anaweza kuwa muungwana kabisa, lakini mteja wake ni lebo. Tafuta wakili wako, tena anayeijua biashara ya muziki. Wakili wa mirathi atakusomea kila neno na mtego asiuone.

Mimi ni mpiga besi na mtunzi, na kifungu ninachokiogopa kuliko vyote ni cha muda. Mkataba wa kwanza niliowekewa mezani ulisema "kipindi cha kwanza, mwaka mmoja". Mistari miwili chini yake: kampuni ina hiari ya kuongeza vipindi vinne, na kipindi hakiishi mpaka albamu ikabidhiwe na kampuni iikubali. Hiari hiyo ni yao peke yao. Wakiikalia albamu yako, muda hauhesabiki, na kurekodi kwingine huruhusiwi. Wakili wangu alifuta maneno "na kampuni iikubali", akaandika tarehe ya mwisho ya kila kipindi. Hawakubisha hata kidogo.

Pili, tenganisha utunzi na rekodi. Mashairi na melodi ni mali moja, masta ya studio, yaani rekodi yenyewe, ni mali nyingine. Lebo iliyogharamia kurekodi ina hoja kuhusu masta, ila utunzi usiupeleke kwa sentensi moja iliyofichwa katikati. Ukiona "kwa muda wote wa hakimiliki, duniani kote", kumbuka kwamba Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, unalinda utunzi kwa uhai wote wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Hapo unasaini hadi fungu la wajukuu. Omba iwe leseni ya miaka kadhaa, haki zirudi kwako.

Halafu advansi, yaani pesa unayotangulizwa na lebo, ambayo ni deni la kulipwa kutoka mapato yako. Tuseme umepewa 10,000 na mgao wako ni asilimia 20. Kwa kawaida deni hukatwa kwenye hiyo asilimia 20 yako, si kwenye mapato yote, kwa hiyo rekodi lazima iingize 50,000 ndipo uanze kuona senti. Gharama za video na matangazo zikihesabiwa nazo, deni linapanda. Taka orodha ya makato iandikwe, pamoja na haki ya kukagua vitabu vyao vya hesabu.

Kama mnatunga kikundi, andikeni asilimia za kila mmoja siku hiyohiyo ya studio, prodyuza naye asaini. Wimbo ukishavuma, kila mtu anakumbuka kivyake.

Kuhusu siku tatu: waandikie leo, kwa barua pepe na si kwa simu, kwamba mkataba umeupokea na wakili wako anahitaji wiki mbili. Wakigoma, waombe makubaliano ya wimbo mmoja tu, yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha.