Huna shahada? Maliza mfumo mmoja wa malipo

Mwajiri wa watengenezaji programu akipokea maombi ya kazi ya mtu asiye na shahada, anachotafuta ni ushahidi kwamba mtu huyu humaliza kazi. Kikokotoo kilichonakiliwa kutoka video ya YouTube hakimwambii kitu, maana kila mwombaji anacho. Kwa aliye Kenya, kinachomtetea zaidi ni duka dogo la mtandaoni linalopokea M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom kwa watengenezaji programu. Majaribio ni bure, kwa namba ya biashara ya majaribio, 174379.

Kabla ya hapo shika lugha moja, JavaScript au Python, mpaka uandike bila kuchungulia video. Ongeza SQL (lugha ya kanzidata) na Git (chombo kinachotunza historia ya msimbo wako). Kozi ya mtandaoni ya CS50 ya Harvard au tovuti ya freeCodeCamp inatosha, nazo hazilipiwi.

Tukija kwenye malipo: unaanza kwa kuomba tokeni, yaani kibali cha muda cha kuwasiliana na Daraja. Inaishi takriban saa moja, kwa hiyo itunze, usiombe mpya kwa kila mteja. Nywila ya ombi la malipo ni namba ya biashara, passkey (ufunguo maalumu wa namba hiyo) na muda wa tarakimu 14 (mwaka hadi sekunde), vikiunganishwa bila nafasi kisha kugeuzwa kuwa Base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu. Muda huo huo hutumwa pia peke yake ndani ya ombi, basi usome saa mara moja tu; ukisoma mara mbili, sekunde zinaweza kupishana. Namba za simu nazo zisafishe: wateja wataandika 07 au +254, Daraja inataka 254 bila alama ya kujumlisha.

Wengi huangukia hapa: ombi linajibiwa ResponseCode 0, wanaandika "imelipwa", kumbe mteja ndiyo kwanza anaulizwa PIN. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye anwani ya seva yako, na lazima anwani hiyo ifikike kutoka intaneti. Localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, haifikiki, ndiyo maana watu hutumia ngrok, programu inayoipa anwani ya intaneti, wakati wa kujaribu. Humo, ResultCode 0 ni kwamba pesa imeingia, 1 salio halitoshi, 1032 mteja kaghairi, 1037 simu haikupatikana au mteja hakujibu. Hifadhi CheckoutRequestID (kitambulisho cha ombi) kwenye kanzidata mara tu ombi linapokubaliwa, na usiruhusu ijirudie, ili taarifa ikija mara mbili usitoe mzigo mara mbili. Taarifa isipofika kabisa, ulizia mwenyewe hali ya muamala.

Funguo za siri ziwe kwenye faili la .env, na jina la faili hilo liwe ndani ya .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git huyaacha) tangu siku ya kwanza. Zikishavuja GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, kuzifuta kwenye toleo linalofuata ni kazi bure kwa sababu historia inazo. Zibatilishe, chukua mpya.

Kwenye README, faili la maelezo ya mradi, eleza kinachotokea malipo yakikwama. Msaili mzuri atauliza hapo hapo. Kiungo cha mfumo kikae juu kabisa ya CV, kabla ya shule ulizosoma.

Tangazo likisema shahada ni sharti, kama ya serikali mara nyingi yanavyosema, lipite. Kampuni ndogo za tovuti na maduka ya mtaani ndiyo mlango wako. Kwa kazi ya mteja binafsi, andikianeni kinachotengenezwa na kisichohusika, pokea sehemu ya malipo kabla ya kuanza, na jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la mteja, lisiwe lako.