Mguu wa Kushoto Una Kesi ya Kujibu

Maswali yenu kuhusu klachi na gia za mkono, na majibu yangu.

Hilux yangu ikipanda Kibosho injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki. Fundi anasema giaboksi imekwisha.

Usinunue kitu bado. Simama pa tambarare, mbele pakiwa wazi, vuta hendibreki, kanyaga na breki, ingiza gia namba tatu, ongeza resi kidogo, kisha achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, klachi pleti imelika au imelowa oili. Jaribu mara moja tu, maana unaiunguza.

Giaboksi haitelezi hivyo. Meno ya gia za kwenda mbele yameshikana muda wote. Unapovuta mkono wa gia unaifunga gia moja kwenye shafti. Itashika au itachomoka, hakuna nusunusu. Kinachoteleza ni klachi, na anayeimaliza ni dereva anayebalansi mlimani kwa klachi badala ya kulishika gari kwa hendibreki.

Giaboksi ikishushwa, badilisha pleti, preshapleti (bamba linaloibana pleti) na rilizi beringi (inayoiachisha klachi unapokanyaga) kwa pamoja, na sili ya nyuma ya krenkshafti ikaguliwe. Ikivuja, pleti mpya italowa kama ya zamani. Huyo fundi naye muulize alipima nini.

Nikishuka Marangu na fri naokoa mafuta?

Hili nalo tena! Hapana. Gari la injeksheni likiwa ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta inakata mafuta na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka fri, yaani bila gia yoyote, injini lazima inywe ili isizime. Kibaya zaidi, breki zinabaki peke yake: zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, pedeli inazama hadi chini. Shuka na gia ambayo ungepandia. Ninyi wenye vifodi vya abiria mnajua ni nani ninaowasema.

Naweza kuondokea gia ya pili?

Unaweza, kama una hela ya klachi.

Rivasi inakwaruza, lakini gia nyingine zinaingia vizuri.

Kwenye giaboksi nyingi rivasi haina sinkronaiza, ile ringi ya kulinganisha mwendo wa gia na wa shafti. Gari lisimame kabisa, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu tatu, ndipo uingize. Ikikwaruza hata hapo, klachi haiachii sawasawa: angalia kikopo cha mafuta ya klachi, na kama yamepungua tafuta yanapovujia kabla ya kutoa upepo.

Kuna mlio nikiwa fri, nikikanyaga klachi unapotea.

Beringi ya shafti inayoingiza nguvu ya injini kwenye giaboksi. Mlio ukija unapokanyaga, ni rilizi beringi.

Asubuhi za Julai hapa Arusha gia ya pili inakataa. Nimeweka oili nzito, GL-5.

Umejibu mwenyewe. Sinkronaiza ni ringi ya shaba inayosugua gia ili mwendo wake ulingane na wa shafti. Oili nzito ikiwa ya baridi inaizuia isisugue, na dawa zilizochanganywa kwenye oili ya daraja la GL-5 zinaifanya iteleze. Nyingine hula shaba. Giaboksi nyingi za namna hii zinataka oili ya uzito wa 75W-90, daraja la GL-4, ila kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, si muuza duka. Jaza gari likiwa sawa, mpaka oili ifike ukingo wa tundu la kujazia. Na hilo la kujazia lifunguliwe kwanza, kabla ya la kumwagia. Ukishamwaga halafu nati ya juu ikagoma, gari limelala gereji.